Taa ya Sebuleni

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Mwanamke yule wa kwenye simu ana sauti nzuri, sikatai, lakini kufikia wiki ile nilikuwa nimeshaanza kumchukia kama mke mwenza. Kila Fundi alipotoka kwangu jioni, nilimwacha ateremke ngazi, nikampa muda wa kufika kituoni, kisha nikampigia kumuuliza kama yuko salama. Na kila nilipopiga, aliyenijibu ni huyo, mwanamke wa haipatikani.

"Ana mtu," dada yangu aliniambia bila kumung'unya maneno. "Mwanamume anayezima simu akitoka kwako, kuna mahali anakwenda."

"Labda chaji, dada."

"Chaji gani inayoisha akitoka kwako tu? Mdogo wangu, mapenzi yamekupofusha."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye mwenyewe alipogundua alichokisema, akaangua kicheko. Sioni tangu nikiwa mtoto wa kutambaa, na dada yangu hajawahi hata siku moja kunipimia maneno. Ndiyo maana nampenda. Lakini nilipokata simu, kicheko kikaisha na usingizi haukuja haraka.

Jumapili iliyotangulia Fundi alikuwa ameniuliza kama nitakubali kuwa mke wake. Nilimwambia nitamjibu baada ya mama yake kuniona, maana sikutaka kuingia katika nyumba ya watu kama mzigo uliopitishwa dirishani. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Ile nyingine, ya simu, nilibaki nayo moyoni, na ilikuwa inanila.

Tulijuana kwa ugomvi, mimi na Fundi. Nafanya kazi katika ofisi ya mawakili, ghorofa ya nne. Wao wanarekodi mazungumzo na wateja wao, mimi nayasikiliza na kuyaandika. Kompyuta yangu inanisomea kila ninachoandika, kwa sauti niliyoiwekea kasi hadi wenzangu wanasema ni mende aliyenaswa kwenye kopo. Skrini nimeizima, ya nini? Mbele ya kibodi kuna ubao mwembamba ambao nukta nundu zake zinapanda na kushuka chini ya vidole vyangu, nikitaka kusoma kimya. Sasa siku moja lifti ya jengo letu la ofisi ikawekewa sauti ya kutangaza ghorofa. Nilifurahi kama mtoto. Asubuhi yake lifti ikatangaza, "Ghorofa ya nne," nikashuka, nikatembea kwa madaha hadi kwenye meza yangu, nikaketi. Nikamkalia mapajani mhasibu wa kampuni ya bima.

Lifti ilikuwa inatangaza ghorofa moja zaidi. Nilimngoja aliyeiwekea sauti hiyo, akaja na mkoba wake wa vyuma, nikamtolea yote yaliyokuwa kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilianza kuhesabu vibaya kule chini, na sikuipima kabla ya kuondoka. Narekebisha sasa hivi." Akafungua mkoba wake. "Lakini samahani, huyo mhasibu mwenyewe alilalamika?"

Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa. Alikuwa mtu wa kwanza kunikosea katika jengo lile akasema kosa ni lake, bila kunipa pole za kunibembeleza. Nilianza kumpenda kabla lifti haijafika juu. Akaniita Bosi kuanzia siku ile, nami nikamwita Fundi, na hatukuona haja ya kubadilisha.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, alikuja akasimama kando ya meza yangu akinukia grisi na sabuni.

"Mama anakuja kesho jioni," alisema.

Nikavua kisikilizio cha sikio moja. "Anakuja kwa heri au kwa shari?"

"Anakuja kunywa chai."

"Fundi."

Akashusha pumzi. "Anasema anataka kujua nani atakuwa anamtunza nani. Usiyaweke moyoni, Bosi. Ni mtu mzuri, ila mdomo wake hauna kufuli."

"Mdomo wake nitauweza. Simu yako ndiyo inayonishinda. Jana nilikupigia."

"Chaji iliisha."

"Na juzi?"

"Betri imechoka. Nitabadilisha."

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakizungumza na mawakili kutwa nzima. Najua mtu anavyovuta pumzi anapotaka kusema nusu ya jambo na nusu aimeze. Fundi alivuta pumzi hiyo. Nikavaa kisikilizio changu, nikamwambia nina kazi.

*

Jumamosi dada aliomba kuja kunisaidia, nikamkatalia. Kama mama wa watu anakuja kuniona, anione mimi, si mimi na dada.

Nilioka keki. Mizani yangu inataja uzito kwa sauti ya mzee mwenye mafua, na vitufe vya jiko nimevibandika vitone vya mpira, kidole kinajua moto umefika wapi. Nguo nilichagua blauzi ya bluu. Kila nguo yangu ina kibandiko kidogo shingoni, nikikigusisha simu inanitajia rangi. Jioni ilipokaribia nikabonyeza swichi ya taa ya sebuleni.

Hilo la taa nilijifunza kwa aibu, zamani, nilipomkalisha mgeni gizani akala chakula chake chote kwa kupapasa. Tangu siku ile nikaweka kwenye simu programu inayotambua mwanga. Penye mwanga inalia sauti nyembamba, penye giza inanguruma. Mwanzoni niliitumia kila siku. Baadaye nikaona najisumbua bure, maana swichi yenyewe kidole kinaijua: ikilala chini imewashwa.

"Hodi!"

"Karibuni! Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanipa mkono mkavu, wenye ncha ngumu za vidole. Mshonaji, Fundi alishaniambia, wa sare za shule, ingawa siku hizi kazi ilikuwa imepungua. "Umejuaje nimesimama upande huu?"

"Nimesikia unavyohema, mama. Ngazi zetu si rafiki wa mtu."

"Hilo kweli," akasema, akaketi kwa kishindo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, na hakunipa hata muda wa kuketi.

"Nani anakupikia, binti?"

"Najipikia mwenyewe."

"Anayekufulia?"

"Mashine, nami naiamrisha."

"Haya. Na Mungu akiwajalia mtoto, akilia usiku?"

"Nitamsikia kabla ya baba yake. Huyu akilala, hata lifti imwangukie haamki."

Kochi likalia mama aliponigeukia.

"Wewe umejuaje anavyolala?" aliuliza mama.

Fundi akapaliwa na mate. Nikahisi uso unapata moto. "Alisinzia hapo kwenye kochi, mama. Siku moja. Mchana."

"Mchana," mama akarudia, na nikasikia katika sauti yake kitu kinachofanana na tabasamu lililozuiwa mlangoni.

Nilipomimina chai kidude changu kikalia, akashtuka. Nikamwonyesha: kinaning'inizwa ukingoni mwa kikombe, chai ikikifikia kinapiga kelele. Akaniomba ajaribu. Akamimina, kikalia, akamimina tena kwenye kikombe cha Fundi ambacho tayari kilikuwa kimejaa, na chai ikafurika kwenye sahani.

"Hiki kingenisaidia," alisema polepole, kama anayejisemea.

Nikafurahi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Fundi tu ndiye aliyekuwa mkimya kupita kawaida yake. Kila mama alipoanza kusema neno, nilisikia viatu vikisogea chini ya meza, na neno likakatika. Nikadhani anamzuia asiniulize maswali makali.

Nilikwenda jikoni kuchemsha chai nyingine. Niliporudi nilikuta wamenyamaza wote wawili. Nikaweka birika mezani, nikaketi, na papo hapo kikombe kikaanguka.

"Ni mimi," Fundi akawahi. "Nimekigonga, samahani."

Lakini sauti ya kikombe ilitoka upande wa mama.

"Mama, umeungua?"

"Sijaungua, nimelowa tu. Nilikuwa napapasa sahani ya keki."

"Unapapasa?" Nikageuza uso kwake. "Kwani taa haikuwaka?"

"Imewaka, Bosi," alisema Fundi.

"Haijawaka," alisema mama.

Walisema kwa pamoja.

Nikatoa simu mfukoni, nikafungua ile programu ya mwanga ambayo sikuwa nimeigusa kwa muda mrefu. Ikanguruma. Nikainuka, nikainyanyua juu kabisa, chini ya balbu, ikazidi kunguruma. Nikaipeleka dirishani, ikalegea kidogo, sauti ikawa nyembamba kwa mwanga wa taa za barabarani huko nje. Nikarudi katikati ya chumba, ikanguruma tena.

"Fundi, nakuuliza mara ya pili."

"Balbu imeungua," akasema.

"Lini?"

"Muda kidogo."

"Sema, wewe!" mama akafoka. "Mimi kila nikifungua mdomo nasema washa taa, ananikanyaga. Vidole vimekufa ganzi."

"Mwezi uliopita," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuja jioni, ukanifungulia mlango ukasema, nimekuwashia taa, usije ukasema sijui kukaribisha watu. Ulikuwa umefurahi sana, Bosi. Nikashindwa kukuharibia. Nikasema kesho nitaleta balbu niibadilishe kimyakimya. Nikaja nayo mfukoni, kweli, hadi siku moja ikanivunjikia. Lakini dari yako iko juu, lazima nipande kiti, na wewe unasikia hata mtu akifungua kifungo cha shati."

"Kwa hiyo mwezi mzima umekuwa unakaa na mimi gizani."

"Si gizani hasa. Nilikuwa nawasha tochi ya simu, naiegemeza kwenye jagi."

Nikaelewa. Nikaketi.

"Ndiyo maana ukitoka hapa haipatikani," nilisema.

"Ikifika kituoni imeshakufa. Leo imekufa mapema, mama alinipigia sana tulipokuwa tunapotezana njiani."

Nilipaswa kucheka. Hakukuwa na mwanamke mwingine, hakukuwa na mahali alipokuwa anakwenda. Kulikuwa na mtu aliyekaa na mimi kila jioni kwa mwanga wa tochi, asinikwaze. Dada yangu angesema nishukuru. Mimi badala ya kushukuru nikasikia hasira ikinipanda taratibu, na iliniuma kuliko kama ningekuta kweli ana mtu.

"Nisikilize, Fundi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyojisikia. "Chai ikijaa, kidude kinalia. Nguo inanitajia rangi yake. Kompyuta inanisomea hata makosa yangu. Kila kitu ninachokitegemea kinaniambia ukweli, hata ile mizani yenye mafua. Kimoja tu ndicho kilichonidanganya, na ndicho ninachotaka kuolewa nacho."

"Nilikuwa nakulinda."

"Dhidi ya balbu?"

"Sikutaka ujisikie vibaya."

"Ningejisikia vibaya kidogo, halafu tungecheka, ungepanda kiti, yakaisha. Sasa nimekuuliza, imewaka? Nimekuuliza mbele ya mama yako mzazi. Ukasema imewaka. Kesho nitakuuliza, mtoto ana vipele? Nitakuuliza, uso wangu umevimba? Utanijibu nini? Nitakuwa naishi katika nyumba ambayo kila kitu ni kizuri kwa sababu wewe umesema."

Nikasogeza jagi lile kando.

"Naomba uende," nilisema. "Na lile swali lako la Jumapili, usiniulize tena leo."

Akainuka. Goti lake likagonga meza, hakulalamika. "Mama, twende."

"Mimi sijamaliza chai," alisema mama.

"Mama."

"Nimesema sijamaliza chai. Wewe umefukuzwa, mimi sijafukuzwa."

Mlango ukafungwa. Nyayo zake zikashuka ngazi, mwanzoni polepole, kisha kwa haraka. Nilikuwa nazijua nyayo zile kuliko za mtu yeyote. Machozi yakanijaa, nikashukuru kwamba angalau mara hii giza lilikuwa upande wangu.

"Blauzi yako nayo imerukiwa na chai?" mama aliuliza.

"Sidhani. Wewe ndiye uliyelowa. Twende bafuni usuuze kabla doa halijakauka."

Akainuka, akasimama pale pale. "Binti, sioni hata mlango uko wapi."

"Nishike kiwiko, mama. Hapo juu kidogo. Nikipinda, utahisi."

Akanishika, kwanza kwa ncha za vidole kama mtu anayepima kitambaa asichotaka kukinunua, kisha kwa kiganja kizima. Tukapita kati ya kochi na meza, tukapita jikoni, tukafika bafuni. Nikabonyeza swichi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikawa sina hakika nayo.

"Afadhali," mama akasema. "Hii inawaka. Ngoja nikuone sasa." Akanigeuza kwa mabega, akaniangalia kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha akanipangusa bega kwa kiganja. "Una unga hapa tangu tulipoingia, kabla giza halijashuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikanyagwa."

Nikacheka na machozi yangu. Naye akacheka, akafungua bomba, akaanza kusuuza gauni lake.

"Nitakuambia nilichokuja nacho," alisema huku maji yakitiririka. "Nilikuja na neno moja tu. Nilitaka kukuambia mwanangu si fimbo ya mtu."

"Fimbo ninayo, mama. Inakunjwa, inaingia mkobani, na haihitaji kulishwa."

"Nimeiona pale mlangoni." Akafunga bomba. "Macho yangu yananiacha. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, nangoja zamu ya kupasuliwa. Kutunga uzi kwenye sindano siwezi tena, namwomba binti wa jirani. Mwaka jana nilimshonea mwanangu shati. Kola nimeipinda, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Nikamuuliza, limekaaje? Akasema, mama, limekaa vizuri sana. Akalivaa kazini mwaka mzima."

"Ulijuaje?"

"Jirani aliniuliza kama mwanangu ana shingo ya upande." Akakamua gauni kwa nguvu. "Sikumwambia kwamba najua. Lakini tangu siku ile, akiniambia kitu ni kizuri, simwamini. Inauma, binti. Mtu anakupenda, na humwamini."

Nikafungua kabati la bafuni ninapoweka vitu vya kushonea, nikatoa kikaratasi cha sindano, nikatoa moja nikamwekea mkononi.

"Hii tundu lake limepasuliwa kwa juu. Uzi unaulaza pale, unausukuma, unaingia wenyewe. Mimi ndiyo ninayotumia. Chukua zote, nitaagiza nyingine."

Akaipapasa. Akavuta uzi kutoka kwenye pindo la gauni lake, akajaribu. Nikasikia mlio mdogo sana wa uzi ukiingia.

"Lo," alisema. Kisha akanishika kiwiko mwenyewe, bila kuambiwa.

Tulikuwa tumerudi sebuleni mlango ulipogongwa.

"Hodi."

Nilimtambua kabla ya hodi, kwa jinsi alivyokuwa anahema. Sikuinuka.

"Mfungulie," mama alisema. "Ukitaka kumfukuza tena, utamfukuza akiwa ndani."

Nikamfungulia. Hakuniomba msamaha, hakunishika mkono. Alisema tu, "Nimeleta balbu. Duka lilikuwa linafungwa, nimemng'ang'ania mwenye duka mpaka akanihurumia. Niko katikati ya sebule sasa. Naburuta kiti. Napanda." Akakiburuta kwa kelele za kuamsha jengo zima. Nikasikia balbu ya zamani ikikwaruza inapotolewa, nikasikia mpya ikizungushwa mpaka ikakaza.

"Bosi, swichi."

Nikaizima, nikaiwasha. Simu ilikuwa mkononi mwangu, programu ya mwanga bado iko wazi, ila nilikuwa nimeifunga sauti. Ingenitosha kidole kimoja kuifungua. Sikufanya hivyo. Nilikuwa naogopa, kwa ajili ya balbu, mtu mzima na akili zangu.

"Imewaka?" niliuliza.

Kiti kikalia chini yake. Mama naye hakutia neno.

"Haijawaka," alisema Fundi kutoka juu ya kiti.

Nikangoja.

"Haijawaka, Bosi. Nimekimbia kote huko, na haijawaka. Labda si balbu, labda ni kishikio chake kimeungua, na mimi sikupima. Fundi mzima. Nimehangaika na balbu mwezi mzima kwa ugonjwa ambao si wa balbu." Akashusha pumzi. "Kosa ni langu. Hili la leo, na lile la mwezi mzima. Nilipokuambia imewaka, nilijua wewe ungeniamini. Hapo ndipo nilipokosa. Sina la kujitetea."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kinachotikisa kochi. Mimi nilikuwa nimesimama na kidole bado kwenye swichi, na ile pumzi yake ya nusunusu haikuwamo. Nilikuwa nimeitafuta katika kila neno, nikaikosa.

"Shuka," nilisema. "Kuna kingine?"

Akashuka. Akaja karibu, akasimama mbele yangu. "Keki imeungua upande wa chini. Kidogo. Na chai yako, tangu siku ya kwanza, ina sukari ya watu wawili."

"Keki haijaungua," alisema mama. "Hapo sasa anatafuta sifa."

"Imeungua, mama. Na wewe, lile shati la mwaka jana, kola imepinda."

"Najua, mjinga wewe. Lilete kesho nilifumue, nina sindano mpya."

Nikaupata mkono wake, una vumbi la dari na makovu ya vyuma. Nikaushika kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo," nilimwambia.

"Ndiyo nini?"

"Lile swali la Jumapili. Ndiyo. Lakini ukinidanganya tena kuhusu kitu ninachoweza kukigusa au nisichoweza, nitakurudisha kwa mama yako."

"Mimi simtaki," mama akadakia.

Fundi akainama. Aliweka tu paji lake la uso kwenye bega langu, lile lililokuwa na unga, akakaa hivyo, na sikumharakisha.

Ngazi za jengo ninamoishi nazo hazina taa. Hilo pia mama ndiye aliyeniambia, tulipofungua mlango. Basi nikachukua fimbo yangu, mama akanishika kiwiko, Fundi akamshika mama bega, tukateremka mstari mmoja. "Ngazi hiyo imevunjika ukingo, mama, kanyaga ndani. Hapa tunapinda." Nyuma kabisa Fundi akajikwaa, akaguna, na safari hii akasema wazi kwamba ameumia. Nikawafikisha hadi barabarani kwenye mwanga wao, nikarudi juu peke yangu, bila haraka.

Nilikunywa chai yangu, na kweli sukari ilikuwa nyingi. Kisha nikampigia, kwa mazoea tu.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

"Najua, mwenzangu," nilimwambia yule mwanamke wa sauti nzuri. "Atanipigia akifika."